Saa mbili ndani ya Louvre: je, tumlipe mwongozaji wetu peke yetu?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mamboleo hapa Kisumu. Binti yetu anahitimu Paris mwezi wa sita na ametukatia tiketi za ndege mimi na mama yake. Anasema hatuwezi kufika Paris tusiione Louvre, yale makumbusho makubwa. Kuna kampuni imempa bei ya yuro 280 kwa mwongozaji wa kutuhudumia sisi watatu tu, saa mbili, 'kazi zote maarufu', siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Tiketi za kuingia tutajinunulia. Mke wangu ana goti bovu na ngazi zinamtesa. Tena ameniuliza jambo ambalo sina jibu lake: huko kuna nini kinachotuhusu sisi? Je, pesa hizo zina maana, ama tushike ramani tutembee wenyewe?"

Mwalimu, kabla hujasoma zaidi, mpigie binti yako simu umwambie asilipe chochote kwa sasa. Louvre hufungwa kila Jumanne. Kampuni iliyowapa Jumanne saa nne haikuangalia hata kalenda ya mahali inapodai kupajua, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutafuta mwongozaji mwingine. Siku nyingine hufungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, ila Jumatano na Ijumaa huendelea hadi saa tatu usiku. Chagueni Jumatano au Ijumaa jioni. Nitaeleza kwa nini.

Sasa swali lenyewe. Jibu langu ni ndiyo, mlipeni mwongozaji, lakini msimlipe awaonyeshe "kazi zote maarufu". Mlipeni awaonyeshe kazi sita au saba, mkizichagua pamoja kabla ya kukutana.

Nimeongoza wageni makumbushoni kwa miaka 19, mingi ikiwa hapa Kisumu, na Louvre nimeingia mara tatu. Mara ya kwanza nilikodi mwongozaji kupitia kampuni moja, naye alinipitisha mbele ya kazi 31 kwa saa mbili. Najua zilikuwa 31 kwa sababu nilikuwa naandika kwenye kijitabu. Usiku ule hotelini nilifungua kijitabu nikakuta majina, miaka, na hakuna hata picha moja iliyokuwa imekaa moyoni. Niliumia, maana nilikuwa nimeweka akiba miezi mingi kwa ajili ya siku ile. Mara ya pili nilipata mama mmoja wa makamo, msomi wa historia, ambaye kabla ya kukubali pesa yangu aliniuliza ninafanya kazi gani, wazazi wangu walifanya kazi gani, na ni kitu gani nilichowahi kukiona maishani kikanifanya ninyamaze. Alinionyesha kazi sita. Mpaka leo ninaweza kukuchorea kila moja ilivyosimama na mwanga ulitoka upande gani.

Jengo hilo ni kubwa kupita unavyolidhania, Mwalimu. Lilianza kama ngome ya mfalme mwishoni mwa karne ya 12, likawa kasri, na mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, likafunguliwa kwa umma kama makumbusho. Kazi zilizowekwa wazi kwa watazamaji ni takriban 35,000. Ukiipa kila moja nusu dakika tu, bila kula wala kulala, utahitaji karibu siku kumi na mbili. Kwa hiyo hakuna anayeiona Louvre yote, hata wanaofanya kazi mle. Kila mgeni huacha karibu kila kitu. Tofauti ni kwamba mmoja huacha kwa kujua, mwingine huacha kwa kuchoka. Unapomlipa mwongozaji mzuri, unamlipa hasa kwa yale anayojua kuyaacha.

Pesa zenyewe tuziangalie wazi. Ukihesabu yuro moja kwa takriban shilingi 150, hizo 280 ni kama shilingi 42,000. Tiketi ya mgeni asiye wa Ulaya ilipandishwa Januari 2026 ikawa yuro 32, basi wewe na mama ni yuro 64. Binti yenu, ikiwa hajafika miaka 26 na ana kibali cha kuishi Ufaransa, anaingia bure akibeba kitambulisho na kibali hicho. Jumla inakaribia shilingi 52,000. Si pesa ndogo kwa pensheni ya mwalimu, nami siwezi kukwambia ni rahisi. Njia ya bei nafuu ipo: makumbusho yenyewe huandaa ziara za makundi, mnatembea na watu msiowajua kwa mwendo wa kundi. Kwa mtu mwenye miguu mizima ningesema chukua hiyo uokoe pesa. Lakini kundi halimsubiri mama apumzishe goti, wala haliwezi kubadilishiwa njia kwa ajili yake. Hapo ndipo pesa ya mwongozaji wenu peke yenu inapopata kazi.

Kabla ya kulipa, binti yenu amuulize mwongozaji maswali machache kwa barua pepe, na ayapime majibu. Kwanza, ana kadi ya kazi? Ufaransa haikubali mtu yeyote tu aongoze watu kwa malipo ndani ya makumbusho. Kuna kadi rasmi ya taaluma inayotolewa na serikali, inaitwa *carte professionnelle de guide-conférencier*. Mwenye nayo ataitaja bila kuudhika. Pili, nani ananunua tiketi zenye saa maalumu ya kuingia? Louvre imejiwekea kikomo cha watu takriban 30,000 kwa siku, na saa nzuri huisha mapema, kwa hiyo jambo hili lisibaki hewani kila upande ukidhani mwingine amelishughulikia. Tatu, kumbi zipi zitakuwa zimefungwa siku hiyo? Makumbusho hutoa ratiba ya kumbi zinazofungwa, na mwongozaji makini huiangalia bila kuambiwa. Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: "Ukiwa na saa mbili na mtu mwenye goti bovu, ungetuonyesha kazi ngapi?" Akisema ishirini, mshukuruni mwendelee kutafuta.

Kuhusu goti, usimwache mama ajikaze kwa kuona haya. Louvre huazimisha viti vya magurudumu bila malipo, na lifti zipo, ingawa zimejificha na mara nyingine hukulazimisha kuzunguka. Mwongozaji anayejua jengo ndiye anayejua lifti. Mwambieni waziwazi mapema: ngazi hapana, na kila baada ya dakika ishirini tunakaa. Kumbi nyingi kubwa zina viti vya kukalia katikati. Nimewaona wageni wengi hapa kwetu, hasa wazee wa kike, wakisema "niko sawa tu" huku wakiegemea ukuta, na kuanzia dakika ile hawasikii tena unachowaambia. Maumivu huchukua masikio pia.

Nirudi kwenye swali la mama, kwa sababu ndilo swali zito katika barua yako. Kuna nini kule kinachotuhusu?

Ningependa mmweleze mwongozaji swali hilo kabla ya safari, kwa maneno yake mama mwenyewe. Nami nawapa kifungua mlango kimoja kinachonisaidia kila ninapoingia makumbusho yoyote. Mbele ya kila kazi, kabla ya kuuliza nani aliitengeneza, ulizeni: ilifikaje hapa? Sisi watu wa Kenya tunalielewa swali hilo bila kufundishwa. Tunajua habari ya vigango vya Wamijikenda, nguzo za ukumbusho wa marehemu zilizong'olewa zilikosimamishwa zikauzwa ng'ambo, na baadhi ya makumbusho ya Marekani yakazirudisha miaka mingi baadaye. Ukiingia Louvre na swali hilo, jengo zima hubadilika.

Anzeni chini, sehemu ya jengo iitwayo Richelieu, ghorofa ya chini, penye kazi za Mashariki ya Kale. Jioni pale huwa kimya. Kuna jiwe jeusi lenye urefu wa mita 2.25, limesimama kama kidole. Ni sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa karibu miaka 3,750 iliyopita. Wewe umefundisha, Mwalimu, huenda umeliandika jina hilo ubaoni mara mia. Hapa utaliona jiwe lenyewe, herufi ndogo ndogo kama nyayo za ndege kwenye tope, na juu mfalme akisimama mbele ya mungu wa jua aliyeketi. Mwombe mwongozaji awasomee sheria ya mjenzi: mtu akijenga nyumba vibaya ikaanguka ikamuua mwenye nyumba, mjenzi huyo auawe. Sisi ambao tumeona maghorofa yakiporomoka mijini mwetu tunasikia sheria hiyo kwa sikio tofauti na mtalii mwingine.

Na lilifikaje hapa? Jiwe hili lilisafirishwa mara mbili. Wafalme wa Elamu waliliteka vitani katika karne ya 12 kabla ya Kristo wakalipeleka Susa, katika nchi ambayo sasa ni Irani. Huko Susa ndiko wachimbaji Wafaransa walikolikuta mwaka 1901 na 1902, wakalileta Paris. Nyara juu ya nyara. Simameni hapo na jambo hilo kidogo.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna fahali wenye mabawa na vichwa vya watu, walinzi wa lango la kasri la Sargoni wa Pili kule Khorsabad, Iraki ya leo. Wana urefu wa zaidi ya mita nne. Msihitaji maelezo mengi. Mama asogee mbele ya mmoja, kisha azunguke ubavuni: mbele anasimama, ubavuni anatembea, kwa sababu mchongaji alimpa miguu mitano. Mimi nilipoona hivyo niliwaza malango ya kwetu, jinsi lango la boma linavyozungumza na mgeni kabla mwenyeji hajatoka nje.

Kisha rudini chini ya ile piramidi ya kioo iliyosanifiwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 1989, mkae, mnywe maji, halafu mpande lifti kwenda ghorofa ya kwanza ya sehemu ya Denon. Huko ndiko umati ulipo, na ndiyo maana nimesisitiza Jumatano au Ijumaa. Ikiwa mtaanza saa kumi na moja jioni, mtafika huko makundi ya mabasi yakianza kuondoka.

Mona Lisa mtamwona, sitawaambia mumruke. Jirani zako watauliza. Lakini mjiandae: ni ubao wa mti wa mpopla, urefu sentimita 77 na upana 53, nyuma ya kioo kinene, na mbele yake watu wameinua simu. Mwongozaji mzuri atawaeleza habari zake mapema, mahali patulivu, kisha atawaacha mwingie mwangalie tu. Hapa swali letu lina jibu tofauti. Leonardo da Vinci alikuja nayo mwenyewe Ufaransa mwaka 1516 alipoalikwa na Mfalme Fransisko wa Kwanza, na ikaishia mikononi mwa mfalme huyo. Mwaka 1911 fundi mmoja Mwitaliano, Vincenzo Peruggia, aliiba picha hii akitaja baadaye kwamba alitaka kuirudisha Italia. Ilipatikana Florence mwaka 1913. Wizi ule ndio ulioifanya ijulikane hata na watu wasiowahi kuingia makumbusho. Watu walipanga foleni kutazama nafasi tupu ukutani.

Mkishamaliza, geukeni. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalifanyi, na linaniuma kila mara. Ukuta wa mbele yake, wote mzima, umefunikwa na Arusi ya Kana ya Paolo Veronese, ya mwaka 1563. Ina urefu wa karibu mita saba na upana wa karibu kumi. Mna familia inayojua harusi. Hebu tazameni hii kama wageni waalikwa. Kuna watu kama 130: wapishi wanakata nyama, mbwa, wapiga muziki katikati, mtu anamimina divai ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa maji, na wengi wa wageni hawajui kilichotokea. Yesu ameketi katikati kabisa na karibu hakuna anayemwangalia. Muulizeni mwongozaji awatafutie yule anayelitambua jambo kwanza. Picha hii ilichorwa kwa ajili ya ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Majeshi ya Napoleon yaliitoa mwaka 1797. Napoleon alipoanguka, kazi nyingi zilirudishwa Italia, lakini hii ilibaki. Venice walipewa picha ya Mfaransa Charles Le Brun badala yake. Kwa hiyo katika chumba kimoja mna picha ya Kiitaliano iliyokuja kwa hiari na nyingine iliyokuja kwa bunduki, zinatazamana. Waongozaji wachache hulisema. Wako aliseme.

Sasa kitu ambacho kwa maoni yangu kinatosha peke yake kuilipia safari ya mtu wa ziwani.

Katika kumbi nyekundu za uchoraji wa Kifaransa, hapo hapo Denon, kuna turubai yenye urefu wa mita 4.91 na upana 7.16: Chelezo cha Medusa, kazi ya Théodore Géricault, ya mwaka 1819. Alikuwa na miaka 27 alipoimaliza. Kisa chake ni cha kweli. Mwaka 1816 meli ya Ufaransa iitwayo Medusa ilikuwa inaelekea Senegal kuchukua koloni hilo kutoka kwa Waingereza. Nahodha alikuwa hajaongoza meli kwa takriban miaka ishirini. Alipewa kazi kwa kujuana. Akaipandisha meli kwenye fungu la mchanga nje ya pwani ya Mauritania. Mashua hazikutosha. Wakubwa wakaingia mashuani, na watu wapatao 147 wakawekwa juu ya chelezo kilichofungwafungwa kwa mbao za meli. Mashua zilitakiwa kukivuta hadi nchi kavu. Zikakata kamba.

Siku 13 baadaye walipopatikana, waliobaki hai walikuwa 15.

Géricault aliwatafuta manusura akazungumza nao, akamwomba seremala wa meli ile amtengenezee mfano mdogo wa chelezo. Na alipochora, alichagua dakika ambayo sisi tunaoishi kando ya Nam Lolwe, Ziwa Viktoria, tunaijua: meli imeonekana mbali, ndogo kama punje, na hakuna anayejua kama wenyewe wameonekana. Mimi nimesimama ufukoni Dunga na akina mama wanaosubiri mashua ambayo ilitakiwa kurudi alfajiri. Nilipofika mbele ya picha ile sikuhitaji kuambiwa hiyo ni Ulaya ya karne ya 19. Chini kulia maiti inaburuzwa na maji. Upande wa kushoto mzee ameshika mwili wa kijana mapajani, amegeukia upande wetu, hajali tena meli. Kisha miili inapanda, mmoja juu ya mwingine, mpaka kilele, na pale kileleni kabisa, aliyeinuliwa na wenzake apunge kitambaa, ni mtu mweusi.

Mchoraji alimtumia Joseph, mzaliwa wa Haiti aliyeishi Paris akifanya kazi ya kusimama mbele ya wachoraji. Wakati huo meli za Wafaransa bado zilikuwa zinasafirisha watumwa. Katika picha kubwa kama ukuta, kijana wa miaka 27 aliweka tumaini la watu wote wale mkononi mwa mwanaume mweusi. Kuna wanaosema lilikuwa tamko dhidi ya utumwa. Mimi nasema simama chini yake uangalie mgongo ule, kisha uamue. Mwambie mama hili ni jibu langu la kwanza kwa swali lake.

Jibu la pili ni dogo kwa umbo. Mwaka 1800 mwanamke mchoraji, Marie-Guillemine Benoist, alichora picha ya mwanamke mweusi ameketi, kitambaa cheupe kichwani, bega wazi, anakutazama. Kwa miaka mingi iliitwa tu picha ya mwanamke mweusi, kana kwamba hakuwa na jina. Watafiti wamemtambua: aliitwa Madeleine, alitoka Guadeloupe, akaletwa Ufaransa kama mtumishi wa jamaa za mchoraji. Utumwa ulikuwa umefutwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Picha hii imekaa katikati ya miaka hiyo minane. Muulizeni mwongozaji mapema imetundikwa ukumbi gani siku mtakayofika na kama lifti inafika hapo, kisha muifanyie mpango hata kama ni lazima kuacha kitu kingine. Mtu asiyejua kazi hii, au anayesema haimo katika njia yake ya kawaida, si mwongozaji wenu.

Sanamu ya ushindi isiyo na kichwa, ile yenye mabawa kutoka kisiwa cha Samothrake, iko juu ya ngazi kubwa sana. Inastahili, nami nilisisimka, lakini mtaiona mkitokea ghorofa ya kwanza bila kupanda ngazi ile kubwa, kwa hiyo msikubali kupelekwa chini yake kwanza. Venus wa Milo ningemwacha. Yuko sehemu nyingine ya jengo, na goti la mama ni la thamani zaidi. Mwandishi wa Misri aliyeketi, sanamu ya chokaa yenye macho ya fuwele iliyopatikana Saqqara mwaka 1850, ningekuombea wewe uione peke yako, Mwalimu, kama nguvu zitabaki: zaidi ya miaka 4,300 mtu amekaa na karatasi ya mafunjo mapajani akisubiri kuambiwa aandike nini. Umewaona wanafunzi wengi wakikaa hivyo.

Ukiuliza sanamu za Afrika yetu hii, kusini mwa Sahara, Louvre ilizifungulia ukumbi mwaka 2000 tu, na ni chache. Nyingi ziko makumbusho mengine ya Paris, Quai Branly, yaliyofunguliwa mwaka 2006. Ni kutoka huko ambako kazi 26 za kifalme za Abomey zilirudishwa Benin mwaka 2021. Hiyo ni siku nyingine na swali jingine, msijaribu kuzichanganya.

Neno kuhusu lugha. Hamtapata kwa urahisi mwongozaji wa Kiswahili. Chukueni wa Kiingereza na mmwombe aongee polepole. Msimfanye binti yenu mkalimani. Atakuwa amesoma, amehitimu, amechoka, naye anataka kuona wazazi wake wakiona. Mwacheni atembee kama mgeni.

Na kabla ya kusafiri, nendeni mara moja pale makumbusho yetu ya Kisumu, barabara ya kwenda Nairobi. Najua uliwapeleka wanafunzi kila mwaka. Safari hii nendeni wawili, na msizunguke. Ingieni Ber-gi-dala, lile boma la Kijaluo, mkae mbele ya nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, dakika kumi nzima kwa saa. Ulizeni mlango unatazama wapi na kwa nini, dero, yaani ghala la nafaka, limewekwa upande gani, simba, yaani nyumba ya kijana, iko wapi kutoka langoni. Mtashangaa dakika kumi zina urefu gani, na ni mambo mangapi hujitokeza dakika ya saba. Macho hufundishwa hivyo. Mtu aliyezoea kukaa dakika kumi mbele ya dero ataweza kukaa dakika kumi mbele ya Veronese, na mwongozaji atalitambua hilo ndani ya robo saa ya kwanza; sisi hutambua, na mgeni wa namna hiyo tunampa yale tunayowaficha wenye haraka.

Siku yenyewe, vaeni viatu mlivyovizoea. Mabegi makubwa yaacheni hotelini, hayaruhusiwi. Nje ya piramidi shikeni simu na pochi, wezi wa mifukoni wapo kama ilivyo stendi yoyote yenye watu. Mwongozaji akimaliza saa moja jioni, mpeni asante na, ikiwa amewafaa, kitu kidogo juu. Halafu msitoke. Mna karibu saa mbili zaidi zilizolipiwa, na kumbi zinazidi kuwa tupu. Rudini kwenye kazi moja tu kati ya zile mlizoziona, mama ndiye achague ni ipi, mkae mbele yake bila mtu wa kuwaeleza chochote, mpaka walinzi waje kuwaambia wanafunga.